Draivini, Upande wa Nje

Mama yangu ameona filamu nyingi za Kihindi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na zile za mwanzo zote hakusikia hata neno moja. Alikuwa na miaka 10, juu ya mkorosho, nje ya uzio wa Drive-In, sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari, pale Msasani, Dar es Salaam. Picha aliiona vizuri tu. Sauti ilibaki ndani, kwenye visanduku vya chuma vilivyoning'inizwa kwenye vioo vya magari ya watu.

Mkorosho, anasema, ndio mti hasa wa kazi hiyo. Mnazi hauna pa kukalia. Mwembe mzuri, lakini tawi la kwanza liko juu, mtoto wa kike ataupandaje na gauni lake? Mkorosho umejilaza, tawi linaanzia kiunoni, unapanda kama unayepanda kitandani. Ubaya wake ni majimoto, wale wadudu wekundu wanaoshona majani wakatengeneza nyumba. Ukiwa na bahati hawakugundui mpaka katikati ya picha. "Steringi hafi," mama husema, "tuliokufa ni sisi."

Na mti wenyewe ulitaka kuchaguliwa. Skrini ya sinema ya namna ile ni ukuta, haina upande wa pili. Ukienda upande wa mgongo utakaa usiku kucha ukitazama giza lenye umbo la mraba, huku mwanga unacheza pembeni na honi zinalia, na hujui wanashangilia nini. Kuna watoto walikaa huko siku mbili tatu wakiamini picha bado haijaanza.

Kwa kuwa hawakusikia kitu, walijitilia maneno wenyewe. Mama na wenzake waligawana watu: wewe steringi, wewe mama yake steringi, wewe adui. Midomo ikifunguka kule skrinini, huku mtini mtu anasema. Na kwa kuwa adui alikuwa na maneno makali kuliko wote, mama anakiri kwamba alikuwa akigombania kuwa adui. Ndiyo maana mpaka leo akikusimulia picha ya enzi zile, kisa kinaeleweka, ila kina mambo ya Msasani ndani yake: mtu anadaiwa pesa ya samaki, mwingine kaolewa bila wajomba kuambiwa.

Sasa kuhusu jina. Mama hasemi "nilikwenda Drive-In". Anasema "tulikuwa Draivini", kama anayesema sokoni, shambani, baharini. Lile neno la Kiingereza lilikuja likiwa na mkia unaofanana na wetu wa mahali, na masikio ya watu wa Msasani hayakuona haja ya kuuliza zaidi. Mimi mpaka naingia sekondari niliamini kuna kitu kinaitwa draivi, na kwamba wazee wangu walikuwa wanaingia ndani yake.

Leo hapo Draivini ni ubalozi wa Marekani. Ukipita Barabara ya Old Bagamoyo utaona ukuta, bendera, na majengo yaliyokaa mbali na barabara. Nitarudi hapo, kwa sababu kuna jambo moja la kuhusu ule umbali ambalo lilinichukua muda kulielewa. Kwanza nianze na huko Marekani kwenyewe, maana sinema hii ilitoka huko kabla ardhi yake haijachukuliwa na wenyewe.

Aliyeibuni aliitwa Richard Hollingshead, wa New Jersey, ambaye kwao walifanya biashara ya bidhaa za magari. Alianza nyumbani kwake, katika mji mdogo wa Riverton: akatundika shuka kwenye miti ya uani, akaweka projekta juu ya boneti ya gari, akaficha redio nyuma ya shuka. Kisha akawasha mpira wa kumwagilia bustani juu ya gari lake ili aone mtu aliye ndani ataonaje picha mvua ikinyesha. Nampenda kwa hilo la mvua. Mtu mwingine angeishia kwenye shuka.

Alipewa hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, tarehe 16 Mei 1933, na tarehe 6 Juni mwaka huohuo akafungua sinema karibu na mji wa Camden. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa gari na senti 25 kwa kila kichwa, lakini familia nzima haikulipa zaidi ya dola 1. Ile hataza haikuwa ya skrini wala ya projekta, vitu ambavyo vilikuwapo siku zote. Ilikuwa ya matuta. Ukiegesha magari kwenye uwanja tambarare, wa mbele anamziba wa nyuma. Hollingshead aliinua ardhi kwa safu zilizopinda kama upinde kuizunguka skrini, kila safu na tuta lake, ili gari likiingiza magurudumu ya mbele pua inanyanyuka na mtu aliyeketi ndani anatazama juu ya mapaa ya waliomtangulia. Kwa miaka mingi wenye sinema za aina hiyo walidaiwa kumlipa kwa sababu ya udongo uliorundikwa, mpaka mwaka 1949 mahakama ya rufaa ikasema hapana, kumbi za maonyesho zimepanga watu kwa ngazi tangu zamani, huo si uvumbuzi.

Lakini kilichomsumbua yeye tangu siku ya kwanza kilikuwa sauti. Mwanzoni spika zilikuwa kubwa, zimefungwa kule kwenye skrini, zinapiga kelele kwa uwanja mzima. Sauti hukata mita 340 hivi kwa sekunde. Aliyeegesha mita 170 kutoka kwenye skrini anamwona mtu anafumba mdomo, na nusu sekunde baadaye ndipo neno linamfikia. Wa mbele wanazibwa masikio, wa nyuma wanapata mabaki. Na majirani walioko vitandani mwao, ambao hawakulipa senti, wanasikia picha yote mwanzo mpaka mwisho.

Niliposoma habari hii nilimpigia simu mama papo hapo. Majirani wa Camden walipata sauti bila picha, yeye akapata picha bila sauti. Akauliza kama wao walikuwa wanajitilia picha. Nikasema sidhani, walikuwa wanalalamika. Akasema, "Basi hawakuwa na akili."

Miaka ya 1940 kampuni ya RCA ikaleta dawa ya tatizo hilo: spika ndogo, moja kwa kila gari, yenye kitufe chake cha kupandisha na kushusha. Nguzo fupi inasimama kati ya magari mawili, inabeba spika mbili, kila moja na waya wake. Unafungua kioo kidogo, unaiingiza ndani, unaitundika, unapandisha kioo. Majirani wakalala. Biashara ikapaa: kufikia 1958 Marekani ilikuwa na sinema hizo zaidi ya 4,000, nyingi zikiwa kandokando ya miji midogo, kwenye mashamba ambayo hayakuwa na bei. Spika ile ndiyo iliyoufanya mkorosho wa Msasani kuwa bubu.

Na hapa lazima nimlete mjomba.

Mjomba wangu, kaka yake mama wa tumbo moja, alikuwa kijana wa spika pale Draivini. Kazi yake ilikuwa kupita na tochi picha ikiisha, safu kwa safu, akihakikisha kila spika imerudi kwenye nguzo yake. Haikuwa kazi ndogo. Picha imekwisha, mtu ana usingizi, watoto wanalia, anatia gia anaondoka, na spika bado iko dirishani. Waya unavutika, unakatika, mara nyingine kioo kinakwenda nao. Mjomba anasema sauti ile aliitambua hata akiwa amewapa mgongo: *taa!* kama kamba ya ndoo kisimani. Wengine walirudi kesho yake kuileta, wametahayari, wake zao wamekaa ndani ya gari wakitazama upande mwingine. Wengine hawakurudi kabisa, na mjomba haamini kwamba wote hao walisahau.

Alijifunza na mengine kwa kusimama karibu na chumba cha projekta, ambacho hukaa katikati ya uwanja, kifupi, ili kisizibe mtu. Mikanda ya milimita 35 ilikuja katika makopo ya bati. Mkanda mmoja ni dakika 20 hivi, kwa hiyo picha ya Kihindi ya saa tatu ni makopo 9. Projekta ni mbili, moja inamaliza, nyingine inadaka. Ili fundi ajue wakati wa kubadilisha, kidoa cheusi kinatokea kwenye kona ya juu, mkono wa kulia, kufumba na kufumbua, kisha kinatokea tena. Mama alikiona kidoa kile kutoka mtini miaka yote na alikuwa na hakika kuwa ni tundu la risasi. Kila dakika 20 mtu anaipiga skrini risasi, na hakuna anayeshtuka.

Mwanga nao una hesabu yake. Ukiifanya skrini iwe na upana mara mbili na kimo mara mbili, unahitaji mwanga mara 4 kupata picha ileile, na sinema ya magari haina kuta za kulinda giza. Mwezi ukiwa mpevu picha inapauka. Taa ya projekta za zamani ilikuwa moto wenyewe, vijiti viwili vya kaboni vinavyotoa cheche ya umeme kati yake, vinakwisha huku fundi anavisogeza. Akisahau kusogeza, steringi anafifia kama mtu anayezimia. Kule mtini walikuwa na maelezo yao kwa hilo pia.

Sinema ya Msasani ilifunguliwa mwaka 1966. Fikiria tarehe hiyo. Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, nchi ya wakulima na wafanyakazi, viongozi wakatazwe nyumba za kupangisha na mishahara miwili. Na pale Barabara ya Bagamoyo, mwendo wa miguu kutoka kwenye ngalawa za wavuvi, kuna sinema ambayo tiketi yake ya kwanza ni gari. Nimewahi kumsikia mtu akilieleza hili kama kichekesho, kama kosa la mipango. Mimi sioni hivyo. Mji uliokuwa umetoka kwenye ukoloni miaka mitano iliyopita ulitaka vitu vyote vya kisasa kwa pamoja, na skrini kubwa chini ya nyota ilikuwa kimojawapo, kama uwanja wa ndege, kama chuo kikuu. Ujamaa haukumzuia mtu kupenda picha.

Isitoshe, magari yalikuwa machache lakini hayakuja na watu wachache. Mjomba anasema hesabu ya gari ilikuwa mbali kabisa na hesabu ya vichwa. Pikapu moja ilibeba ukoo. Dereva wa ofisi aliyeachiwa gari kwa sababu ya safari ya alfajiri alipitia mitaa mitatu kukusanya ndugu. Vijana walichanga, wakakodi teksi nzima, taa zikazimwa, saa ya teksi nayo ikazimwa kwa makubaliano. Na lile la kujificha ndani ya buti ili kukwepa kiingilio, ambalo nimelikuta katika simulizi za Wamarekani pia, mjomba aliliona mara nyingi. Gari dogo lenye mtu mmoja mbele linaingia limekalia matairi ya nyuma. Huhitaji shule kujua kuna nini.

Siku kubwa ilikuwa Jumapili. Familia za Kihindi zilianza kufika jua bado lipo, na masufuria, na mikeka, na bibi aliyewekewa kiti chake cha kukunja. Watoto wakakimbilia bembea zilizokuwa chini ya skrini. Vifuniko vinafunguliwa, harufu ya bizari inapanda, bajia zinapita kutoka gari hili kwenda lile. Mjomba anasema kuna Jumapili alishiba bila kununua kitu. Picha yenyewe ilikuwa kama kisingizio. Katika majumba ya sinema ya katikati ya mji ulikaa gizani umenyamaza, mwenye mtoto mchanga akibaki nyumbani. Huku mtoto alilala kiti cha nyuma, ukacheka kwa sauti yako, ukateremka kuwasalimu watu.

Kitu kimoja kilichoifaa Msasani kuliko hata New Jersey ni giza. Dar es Salaam jua linazama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasoro, mwaka mzima, na likishazama haliagi. Saa moja na nusu usiku unaweza kuwasha projekta Januari, unaweza kuiwasha Julai. Wenzetu wa kaskazini hawana bahati hiyo. Majira yao ya joto, ambayo ndiyo msimu wenyewe, jua linachelewa, na mwaka uleule wa 1966 Marekani ikapitisha sheria ya kusogeza saa mbele kwa nchi nzima, jioni ikaongezwa saa moja ya mwanga. Kwa mwenye sinema ya magari, saa hiyo ni watoto waliokwisha kulala. Wengi wao waliilaumu saa hiyo miaka yote kwa kuwafilisi, pamoja na bei ya ardhi, ambayo naamini ilikuwa na hatia zaidi.

Yetu ilikufa polepole, na kila ninayemuuliza ana muuaji wake. Wengi husema video. Baada ya mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, deki zilianza kuonekana majumbani, halafu yakaja mabanda ya video, benchi za mbao na televisheni moja juu ya kabati. Wengine husema televisheni, ambayo Bara ilifika mwaka 1994 tu, miaka 21 baada ya Zanzibar. Ni kweli vyote viwili vilimwaga maji juu ya moto. Lakini moto ulikuwa umeshafifia zamani.

Mimi nailaumu Jumapili. Angalia mfuatano. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani kubwa, na familia nyingi za Kihindi zikaanza kufungasha, Toronto, London, Leicester. Walioondoka ndio hasa wale wenye masufuria na mikeka. Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ikapanda karibu mara 4. Ikaja vita ya Kagera, 1978 na 1979, ikala kila kilichobaki hazinani. Fedha za kigeni za kununulia mikanda mipya zikawa hakuna, ile iliyopo ikazungushwa mpaka ikachakaa, mvua ikanyesha ndani ya kila picha hata kiangazi. Na katika zama hizo za uhaba ikapigwa marufuku: magari binafsi yasionekane barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana.

Saa nane mchana. Sinema inayoingiwa kwa gari, siku yake kubwa ni Jumapili, na Jumapili jioni gari ni kosa. Mjomba anasema kulikuwa na Jumapili alipita na tochi akakagua nguzo ambazo hakuna aliyezigusa. Alikagua hivyohivyo. Ilikuwa kazi yake.

Aliacha muda mfupi baadaye, akaenda kuuza vipuri. Mama alikuwa ameshaolewa, ana mimi mgongoni, mkorosho wenyewe ulishakatwa kuni. Skrini ilibaki imesimama muda mrefu kama shuka lililosahauliwa kwenye kamba, hata baada ya picha kukoma, na watu waliendelea kuelekezana kwayo.

Halafu ikaja tarehe 7 Agosti 1998. Mabomu mawili, Nairobi na Dar es Salaam, yakipishana dakika chache. Nairobi walikufa watu zaidi ya 200. Hapa kwetu, kwenye ubalozi wa Marekani uliokuwa Barabara ya Laibon, Oysterbay, walikufa 11. Baada ya hapo ubalozi usingeweza tena kukaa kando ya barabara kama nyumba nyingine. Ulihitaji kiwanja kikubwa, ukuta mbali na jengo, jengo mbali na barabara, nafasi tupu pande zote. Sasa niambie, ndani ya mji, kiwanja cha namna hiyo utakipata wapi? Kile ambacho sinema ya magari inakihitaji, eneo pana, tambarare, lisilo na nyumba katikati, ndicho hichohicho. Ubalozi mpya ulifunguliwa mwaka 2003 pale Draivini.

Huu ndio umbali niliosema nitaurudia. Nilikuwa nadhani ni bahati tu, kiwanja kilikuwa wazi kikachukuliwa. Kumbe nafasi ile iliachwa kwanza ili watu wengi waone kitu kimoja kutoka mbali, na baadaye ikatumika ili watu wawe mbali na kitu kimoja. Uwanja ambao magari mamia yaliingia jioni moja, buti zao hazijafunguliwa na mtu, sasa gari moja halipiti bila kukaguliwa mpaka chini ya tumbo. Sina neno na hilo, waliokufa 1998 walikufa kweli. Nasema tu kwamba udongo ni uleule.

Nairobi, kwa upande wao, walihifadhi majina. Fox Drive-In ya Barabara ya Thika haipo, lakini mpaka leo kuna kituo na mtaa unaoitwa Drive-In, na makanga wanalitaja jina hilo kwa abiria ambao hawajawahi kuona sinema ya magari. Belle Vue ya Barabara ya Mombasa nayo imebaki Bellevue. Hapa kwetu jina linabaki kwa wazee, na kila mwaka wanapungua.

Kuna jambo la kuchekesha ambalo mama hachoki kulirudia. Miaka ile mabanda ya video yalipokuwa yamepamba moto, na sauti ya Lufufu ikaanza kusikika mitaani ikitafsiri picha kwa Kiswahili, huku ikiongeza chumvi yake, watu walistaajabu ubunifu ule. Mama alisimama mlangoni pa banda moja kwa dakika tano, akasikiliza, akarudi nyumbani. "Hiyo kazi," akasema, "nimeifanya mimi. Na sikulipwa, nikaumwa na majimoto."

Baadaye sinema chache za magari zilizosalia duniani ziliachana na spika za nguzo, zikaanza kurusha sauti kwa masafa ya FM, unafungua redio ya gari lako. Janga la korona lilipofunga kumbi mwaka 2020 njia hiyo ilizirudisha mezani kwa muda. Mimi nikisoma hayo nawaza kitu kimoja tu: msichana wa Msasani na redio ndogo ya mkulima, betri mbili, juu ya mkorosho. Sinema yote ingekuwa yake. Nilimwambia mama. Akafikiri kidogo, akasema asingeitaka.

Sikumwelewa mpaka Idi iliyopita. Mjomba alikuja kula kwetu, na jioni nikawapakia kwenye bajaji kwenda Msasani kumwona shangazi. Tulipokaribia ule ukuta nikamwomba dereva apunguze mwendo kidogo, wazee waangalie. Akakataa kwa upole, akasema hapa husimami ovyo, mzee wangu. Tukapita kwa kasi ileile ya watu wote. Mama akanyosha kidole: mkorosho ulikuwa pale. Mjomba akasema wewe, pale ilikuwa mgongo wa skrini, ungeona nini? Skrini ilitazama huku. Mama akasema ilitazama kule. Walibishana mpaka kwa shangazi, walibishana kwa shangazi, na bajaji ya kurudi walikaa wametengana kwa kikapu.

Nyumbani nikatafuta kwenye simu. Mjomba alikumbuka jina la picha moja ambayo iliwahi kukaa Draivini majuma kadhaa, na leo iko yote kwenye intaneti, imesafishwa, rangi zinang'aa, hakuna mvua, hakuna kidoa kwenye kona. Nikaisimamisha simu kwenye chupa ya chai. Mjomba alianza kuimba kabla wimbo haujafika. Maneno ya Kihindi anayo yote, maana hajui hata moja, kwa hiyo hajawahi kuyachanganya. Mama aliikazia macho simu kwa dakika nzima. Ikafika pale adui anapoingia nyumbani kwa mama yake steringi, anavua kofia, anafungua mdomo kusema, na sauti nene ikatoka.

Mama akaweka kiganja juu ya spika ya simu.

"Punguza kwanza," akaniambia, "nikwambie anasema nini."